Mama Hazeeki, Nazeeka Mimi

Jamani, mwenzenu nina miaka 61, goti la kushoto linalia kama mlango uliokosa mafuta, na jana jioni nimekalia ndoo sebuleni kwangu. Si kwamba sina viti. Ninavyo sita, nilivinunua kwa jasho langu. Ila viko msibani. Wiki iliyopita vilikuwa kwenye kikao cha wazazi, na kabla ya hapo kwenye arusi ya mtu nisiyemjua hata kwa sura. Viti vyangu vinaalikwa kuliko mimi.

Anayevigawa ni Mama. Ana miaka 88, na ukimwambia apumzike anakuangalia kama umemtukana. Nilimuuliza, Mama, hivi hii nyumba ni yangu au ya mtaa? Akasema, "Nyumba ni yako, baba. Vitu ni vya watu." Ananiita baba anapotaka kunituma. Akikasirika ananiita jina langu pamoja na la babu.

Saa kumi na moja alfajiri ufagio unaanza chini ya dirisha langu: chwaa, chwaa, chwaa. Pale hapana uchafu. Uchafu ulishakata tamaa na mahali pale zamani. Lakini unafagiliwa ule ule usiokuwepo, mpaka mtu mzima mwenye wajukuu anaamka kwa aibu. Nikitoka nje na macho mekundu, yeye keshaoga, keshamtembelea mzazi jirani, na keshapata habari za kunituma nazo mpaka jioni.

Ndugu zangu wako mbali, wanapiga simu. "Kaka, mtunze sana Mama." Nimtunze! Juzi nilimkuta juu ya ngazi anashikilia bati, mimi niliye chini nikawa naombwa nisisogee maana nitamwangusha. Ni kweli, baba yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka tisa, na cherehani moja ndiyo ikatusomesha watoto watano. Kidole gumba chake mpaka leo kigumu kama ngozi ya ngoma, sindano ikikichoma inapinda. Hilo silibishii. Nachobishia ni kwamba cherehani ilistaafu, yeye kagoma.

Halafu lipo daftari. Jalada lilishang'oka, limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Humo mna mtaa mzima: nani kajifungua, nani kafiwa, nani mgonjwa, nani kaazima sufuria. Siku moja natafuta ngazi yangu imekwenda wapi, nikafungua, nikakutana na jina langu. "1989. Kakopa nauli. Hajarudisha." Mstari wa juu yangu kulikuwa na mzee mmoja aliyekwisha kufa, deni lake limekatwa, pembeni kaandikiwa "amesamehewa". Nikaenda kwa unyonge: Mama, na mimi nisamehe basi. Hakuinua hata uso. "Wewe bado mzima."

Mwezi uliopita nikampeleka kupimwa. Daktari kijana, mpole, akamfunga mkono, mashine ikahema, ikatoa 124 kwa 78. Akasema presha kama ya msichana. Mama akasema, "Mpime na huyu, anakoroma vibaya." Mimi nikatoa 168 kwa 102. Kuanzia hapo daktari akawa anazungumza na Mama tu, anamweleza namna ya kunilisha chumvi kidogo, mimi nimekaa katikati kama mtoto aliyeletwa chanjo. Nikauliza, dokta, hawa wanawake wana nini? Akasema karibu nchi zote duniani wanaishi kuliko sisi, wastani ni kama miaka mitano hivi. Wana kromosomu X mbili, zile nyuzi zinazobeba jeni za urithi, kwa hiyo jeni ikiharibika kwenye moja, mara nyingi ile nyingine inaziba pengo. Sisi tunayo moja, ikichoka ndiyo basi. Yaani hata tumboni tulipewa bila akiba!

Binti yangu naye, badala ya kunipoza, akanisomea kwenye simu habari za Wahadzabe, wale wawindaji wa Tanzania. Watafiti walikaa nao miaka ya 1980 wakaona mabibi, waliokwisha kuacha kuzaa, wanatumia saa nyingi kuchimba mizizi kuliko mabinti, na wajukuu wanashiba kwa jasho lao. Kuna wataalamu wanaosema huenda ndiyo maana binadamu wa kike huishi muda mrefu baada ya uzazi kukoma: bibi ana kazi. Nikauliza, na babu je? Binti akafunga simu.

Lakini aliyenimaliza ni yule bibi wa Arles, Ufaransa, Jeanne Calment. Alizaliwa 1875. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90, wakili mmoja wa miaka 47 akaona pa kuvuna: akaandikiana naye kwamba atamlipa faranga 2,500 kila mwezi, na bibi akifa nyumba inakuwa yake. Hesabu nzuri kabisa, hata mimi ningetia saini. Wakili akalipa miaka 30, zaidi ya mara mbili ya thamani ya nyumba, akafa yeye mwaka 1995. Mjane wake akaendelea kulipa. Bibi akaondoka 1997, na miaka yake 122 na siku 164.

Nikamhadithia Mama, nikidhani atacheka. Akanyamaza kidogo. "Na huyo mjane, alipofiwa, alipata watu wa kumkalia msibani?" Nikasema sijui, Mama, hiyo ni Ufaransa. Akanitazama kama ni mimi niliyezembea.

Sasa sikilizeni ya Jumapili. Goti limevimba, nimelala chali, nimeapa siku hiyo sitatumwa na kiumbe yeyote. Saa nne nasikia hatua nyingi uani, na sauti ya Mama ikitoa amri. Mlango ukafunguliwa. Wakaingia akina mama sita wa kikundi chake, nyuso zimepangwa vizuri kwa huzuni, na kila mmoja kabeba kiti kichwani. Viti vyangu! Vikapangwa kuzunguka kitanda, wakavikalia, wakaniangalia. Mama akafungua daftari, akalamba kidole, akatafuta ukurasa wa wagonjwa, akanitia alama ya vyema.

Wakanipa pole, wakaniombea, wakasemana kuhusu uzito wangu kana kwamba sipo. Nusu saa. Kisha Mama akatazama saa, akasema kuna mwingine wa kuonwa kule juu, na huyo ana hali mbaya kweli. Wakainuka wote kwa pamoja, wakajitwisha, wakatoka.

Na viti.