Yaishe, lakini yaishe mbele ya hakimu

Majirani wawili wanagombania zamu ya maji bombani. Mmoja anamrushia mwenzake ndoo, mdomo unapasuka, watu wanaamulia, polisi wanatoa PF3, ile fomu ya matibabu, na baada ya muda wote wawili wako mahakama ya wilaya. Jalada limeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Aliyeumia amegeuka shahidi tu. Mshtakiwa akitiwa hatiani na kupigwa faini, hela inaingia serikalini, na yule mwenye mdomo ulioshonwa anabaki na deni la hospitali, labda hakimu akumbuke kuamuru fidia. Kesho asubuhi wanakutana tena pale pale bombani.

Kwa kesi ya namna hiyo naunga mkono kupatana, tena kwa moyo wote. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, Sura ya 20, ina kifungu ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 163. Kwenye shambulio la kawaida, au kosa jingine lililo la watu binafsi, mahakama inaweza kuwahimiza wahusika wasuluhike, kwa fidia au kwa masharti mengine iliyoyaridhia, kisha ikaamuru shauri lisimamishwe. Kenya wana kifungu cha 176 kinachofanana nacho, na ibara ya 159 ya Katiba yao ya 2010 inazitaka mahakama zikuze maridhiano, zikiwemo njia za jadi. Ni sheria yenye utu. Kijana hatoki na rekodi ya jinai itakayomfungia milango ya ajira kwa sababu ya hasira ya dakika moja, na aliyeumizwa anapata kitu mkononi.

Lakini kifungu cha 163 kina sharti ambalo watu wengi wanaliruka: hakimu lazima aone kwamba maslahi ya umma hayadai adhabu. Mlalamikaji kusema "nimemsamehe" hakumalizi kazi. Hapo ndipo kazi ya hakimu inapoanza.

Mfikirie binti wa kazi za ndani aliyechapwa na mwajiri wake. Mshahara wa miezi miwili haujalipwa, nauli ya kurudi kwao hana, na usiku uliopita amelala kwa ndugu wa huyo huyo aliyempiga. Anasimama kizimbani, mwajiri akiwa anamtazama, anaulizwa kama ni kweli wamepatana. Mlitaka ajibu nini? Au mke aliyekuja na shemeji zake watatu waliomsindikiza "ili yaishe". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, lakini tukikubali kila kipigo kisuluhishwe kwa kitenge na maneno ya wazee, katazo hilo linabaki kwenye karatasi. Mimi ningetaka hakimu amuulize mlalamikaji bila mshtakiwa na ndugu zake kuwa karibu: nani alianza kuzungumzia suluhu, analala wapi leo, amewahi kupigwa kabla ya hapo? Kama amewahi, kesi iendelee. Na fidia iandikwe kwenye mwenendo wa shauri, ilipwe yote kabla ya amri kutoka, maana ahadi ya "nitamalizia mwisho wa mwezi" huwa inayeyuka mara tu mshtakiwa akiwa huru.

Kuna makosa ambayo hayapaswi hata kutajwa kwenye mazungumzo haya. Ubakaji wa mtoto haumaliziki kifamilia, hata baba mzazi akipokea pesa na mashahidi wakaacha kufika. Na roho ya mtu vilevile. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali ombi la upande wa mashtaka kuiondoa kesi ya mauaji, baada ya familia mbili kupatana kwa malipo ya ngamia na mbuzi. Naelewa kwamba familia ya marehemu ilitaka amani, na ilikuwa na haki ya kusamehe msiba wake. Sioni ilipata wapi mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya marehemu.

Kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni yale yanayoisha kabla ya kufika kwa hakimu. Watu wanakaa kwenye benchi nje ya kituo cha polisi, hela zinahesabiwa, mlalamikaji anaambiwa aseme hataki kuendelea, basi. Hakuna masharti yaliyoandikwa, na hakuna anayejua kiasi gani kilimfikia aliyeumia. Mwanamke akirudi mara ya tatu akiwa na jicho limevimba, anapokelewa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lingeandika kila suluhu ya aina hiyo, na kuipeleka mahakamani ithibitishwe au ikataliwe, hakimu angekuwa na cha kusoma kabla ya kumuuliza mtu kama amesamehe.