Hardwick Hall: sifa zote kwa madirisha, ngazi je?

Ukitaja Hardwick Hall, kila mtu ataanza na madirisha. Na kweli yanatisha. Jumba hilo liko juu ya kilima Derbyshire, Uingereza, na lilijengwa kati ya 1590 na 1597, enzi ambazo kioo kilikuwa anasa ya matajiri. Jua la jioni likipiga ule uso wa magharibi, nyumba nzima huwaka. Waingereza wakaitungia hata msemo wa vina, kwamba kioo chake kimeuzidi ukuta.

Lakini madirisha ni ya mtu aliye nje. Mwenye nyumba, Bess wa Hardwick, mjane wa mara nne na mmoja wa wanawake matajiri kupita wote nchini humo, alitaka aonekane toka mbali. Ndiyo maana vileleni mwa minara sita pamechongwa herufi za jina lake rasmi, Elizabeth Shrewsbury, yaani E na S, kwa mawe. Baadhi ya madirisha ni ya uongo kabisa: nyuma ya kioo kuna ukuta. Yamewekwa ili sura ya nje isipungue ulinganifu.

Kwangu mimi, kazi kubwa imefanyika ndani, nayo ni ngazi.

Ramani inaaminika kuwa ya Robert Smythson, aliyeanza maisha kama mwashi wa mawe. Nyumba aliipanga kwa heshima: chini watumishi, katikati familia, juu kabisa wageni wakubwa, na kila ghorofa ina dari refu kuliko ile ya chini yake. Kwa hiyo mgeni lazima apandishwe. Angeweza kujengewa ngazi fupi ya kujikunja kwenye kona, akafika upesi. Smythson akakataa. Ngazi yake ya mawe inaanza karibu na ukumbi, inakwenda moja kwa moja, inapinda, inapita penye giza kidogo, kisha inatokea kwenye mwanga. Vidato ni vipana, havikuchoshi, ila havikuambii unakwenda wapi. Kutani kumetundikwa mazulia yaliyofumwa picha, na hatua zako zinapunguza mwendo zenyewe.

Mwisho wake ni mlango wa chumba kikuu cha juu. Ukiinua macho unaona msitu umezunguka kuta, umefinyangwa kwa lipu na kupakwa rangi: miti, wanyama, wawindaji, na Diana, mungu wa kike wa uwindaji, amekaa na wasichana wake. Chumba hicho kingekuwa kizuri hata ungeingia kwa mlango wa barabarani, lakini uzuri wake usingekushika hivyo. Unakushika kwa sababu umeupandia.

Tangu 1959 jumba linatunzwa na National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi majumba ya kale, na mtu yeyote anaweza kupita alipopita mgeni wa Bess. Nawaona wengi wanapanda huku wanatazama simu, wanawahi juu wakapige picha ya madirisha. Inaniuma. Ningewaomba wasimame pale ngazi inapopinda, kabla ya mwanga.