Nahodha Asiyeshindwa Anatuulia Mchezo

Kila grupu la WhatsApp la mchezo wa kuigiza kwa maandishi, kila mtu na mhusika wake, Lamu hata Malindi, lina mhusika nahodha wa aina hii: anajua upanga, anajua dawa, anasoma Kiarabu na Kireno, hajawahi kuzama wala kudaiwa. Wiki hii kaandika tena: "Namkata mkono, anaanguka, namnyang'anya ufunguo." Sentensi moja tu, na mhusika wa mwenzake ameshapoteza mkono kabla mwenyewe hajafungua simu. Hiyo ni dhuluma.

Andika jaribio, usiandike matokeo. "Naupeleka upanga kwenye mkono wake wa kulia." Koma hapo. Mwenye mhusika ndiye atakayesema umekata, umekwaruza au umekosa. Kwenye bao hakuna anayemchezea mwenzake zamu yake, na huku iwe hivyo hivyo. Yule anayekwepa kila pigo naye anadhulumu, na dawa yake ni dadu. Boti, yaani programu inayojibu yenyewe ndani ya grupu, inarusha dadu la nyuso 20, unajumlisha nyongeza ya sifa yako, unalinganisha na namba ya ugumu wa jambo unalojaribu; ukiifikia umefaulu. Namba hiyo msimamizi aitaje kabla dadu halijarushwa. Akiitaja baadaye, hata akiwa mkweli watu watamshuku. Ugumu ukiwa 15 na huna nyongeza, una asilimia 30 ya kufaulu. Ukiwa na nyongeza ya 5, unafika asilimia 55. Yaani hata fundi wa upanga anakosa karibu nusu ya mapigo yake, na hapo ndipo hadithi inapopata mahali pa kupita.

Lakini dadu haliponyi kitu ikiwa mhusika mwenyewe hana mpaka. Dungeons & Dragons , mchezo wa kuigiza wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson, ilitoka Marekani mwaka 1974, na katika toleo la tano la 2014 kuna njia ya kununua sifa kwa pointi 27. Sifa ni sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Kila moja inaanzia 8, na kuifikisha 15 kunagharimu pointi 9. Ukitaka tatu ziwe 15, pointi zimekwisha, na tatu zilizobaki zinakaa kwenye 8 zikikupunguzia 1 kila unaporusha. Nguvu ya mhusika ina bei. Magrupu yetu ya maandishi yameitupa hesabu hiyo yakabaki na maelezo matupu, ndiyo maana nahodha akawa pia mganga na mfasiri.

Kisha ukimwuliza udhaifu wake anakujibu, "Anawapenda mno ndugu zake." Huo si udhaifu! Udhaifu wa kweli unataja anachoshindwa kufanya, unampata lini, na mchezaji mwingine anaweza kuutumiaje. "Hawezi kuogelea" katika hadithi ya Lamu unauma kila anapopanda mashua. "Haoni vizuri usiku" unauma kila onyesho la baada ya magharibi. "Anadaiwa na tajiri wa Malindi" ni mzuri zaidi, kwa kuwa mtu mwingine anaweza kuja kudai. Mimi ningetaka viwili vya namna hiyo kabla mhusika hajakubaliwa, na kingine kwa kila ujuzi mpya anaoongezewa.

Na bahari ina mipaka yake pia. Mwezi wa saba ni kusi, upepo unatoka kusini. Jahazi la tanga likitoka Lamu kwenda Mombasa litabisha dhidi ya upepo njia nzima, halifiki kwa sentensi mbili. Anayekwenda Pate kupitia mlango wa bahari wa Mkanda angoje maji yajae, la sivyo atapwelewa, na adui zake wana haki ya kumkuta hapo.

Habari nazo zisiruke. Grupu unalisoma wewe, mhusika wako halisomi. Kilichosemwa Mkunguni, mjini Lamu, hakijulikani Shela mpaka mtu akipeleke, na kwa miguu ni kama kilomita tatu kando ya maji. Kila onyesho liandikwe juu mahali, saa na waliopo. Asiyetajwa hakusikia.

Aliyeishiwa bando asihamishwe wala kupigwa. Apewe saa 24, mhusika wake asimame alipo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mgeni huunda mhusika mwenye nguvu kwa kuogopa kuchekwa akishindwa. Na grupu ambalo wote ni majini wa kutikisa visiwa halina kosa, mradi walikubaliana tangu mwanzo. Wa kwetu hawakukubaliana. Katika MUD ya kwanza, mchezo wa maandishi wa watu wengi kwenye kompyuta, iliyoanzwa na Roy Trubshaw mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na kuendelezwa na Richard Bartle, programu yenyewe ndiyo iliyoamua lipi linawezekana. Kwenye WhatsApp hakuna programu ya kumkatalia mtu. Tuna neno letu tu, kwa hiyo neno hilo tulilinde.

Kuhusu kifo: mhusika asife bila ridhaa ya mwenyewe, lakini anayekataa kufa alipe kwa kitu kizito, chombo chake, jicho, au jina lake mjini. Na msimamizi aliye na mhusika ndani ya onyesho arushe dadu lake mbele ya wote, na mzozo wowote unaomhusu auamue msimamizi mwingine.