Kwa Mchina wa Kikwajuni ni kwetu

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema mwenye jengo anataka kuugeuza mkahawa wa Mchina wa hapa Kikwajuni uwe duka la vinyago vya watalii. Nimeumia kweli. Kwetu sisi Idi Mosi ni pilau ya mama, Idi Pili ni kwa Mchina, tangu sijaanza chuo.

Aliyeanza ni baba. Utotoni alilazwa hospitali ya Mnazi Mmoja, akatibiwa na daktari wa Kichina (madaktari hao wanakuja Zanzibar tangu 1964, kutoka jimbo la Jiangsu). Basi kila Mchina kwake akawa ndugu.

Pana meza sita tu, vitambaa vya plastiki, na feni moja. Lakini yule mama wa Kichina anayepika akitupa ngisi kwenye karai, moto unaruka juu, na harufu ya tangawizi na kitunguu thomu inakupokea ungali barazani. Nguruwe hajaingia jikoni mwake, na nyama anainunua soko la Darajani, tunamuona.

Baba alipofariki, mama huyo wa Kichina alikuja msibani na sufuria la tambi za mboga. Alivua viatu, akakaa mkekani na wanawake mpaka Magharibi. Kiswahili chake ni cha sokoni, hakusema kitu, alimshika mama yangu mkono tu. Mama hajasahau, na sisi hatujasahau.

Mwenye jengo, kama tatizo ni kodi, tuite na sisi wateja tuzungumze. Ijumaa baada ya Insha tutakuwa pale, nyumba nzima, watu kumi na moja.