Panda kwa Lifti, Shuka kwa Ngazi

Watu wa Dar wakijiandaa kwa safari ya siku kadhaa milimani, wanachonoa ni mapafu. Alfajiri utawakuta Coco Beach wanahema. Si vibaya, ila ufukwe ni tambarare, na wengi wanaorudi wakichechemea hawakuumizwa na kupanda. Waliumizwa na kushuka.

Chukua Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi geti la Mweka wanakoteremkia, lililo karibu mita 1,640, ni mteremko wa zaidi ya mita 4,200, na kwa kawaida unamalizwa ndani ya siku mbili. Muda wote huo misuli ya mbele ya paja ndiyo breki: inakaza huku inavutwa irefuke. Hapo ndipo nyuzi zake zinapochanika, na maumivu yanakuja kesho yake, pengine keshokutwa. Misuli iliyokwisha kuonja kazi hiyo kabla ya safari haiumii sana, kwa hiyo mazoezi ya kushuka yana faida ya wazi.

Mjini hatuna milima lakini maghorofa tunayo. Ghorofa moja ni kama mita 3, hivyo jengo la ghorofa 10 linakupa mita 30. Panda kwa lifti, shuka kwa ngazi, mara kumi: mita 300. Mlinzi atacheka, mwache. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Wiki mbili za kwanza nenda mikono mitupu, kisha weka dumu la maji la lita 5 kwenye begi, yaani kilo 5, na uongeze polepole. Wiki ya mwisho kabla ya safari pumzika. Hatua ziwe fupi, goti lilegee kidogo, usitue kwa mguu ulionyooka. Goti likichoma, acha siku hiyo.

Sasa viatu, ambako ubahili na ujanja vyote hugharimu. Buti za mtumba za soko la Karume zinaweza kuwa nzuri kuliko mpya za bei hiyohiyo, lakini kagua sponji iliyo kati ya soli na ngozi. Nyingi zimetengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki ambayo unyevu huioza taratibu hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini miaka bila kuvaliwa. Juu ya meza ya muuzaji kinang'aa. Baada ya saa tatu za kutembea porini soli inabaki kwenye tope. Bonyeza sponji kwa dole gumba, kisha kunja kiatu kwa nguvu. Ukiona nyufa, au unga ukibaki kidoleni, kirudishe. Usidanganywe kwamba fundi ataishona: uzi hauna pa kushika kwenye kitu kinachopukutika. Gundi nayo vilevile.

Jaribu buti jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi utakazopanda nazo. Sukuma mguu mbele kabla ya kufunga kamba. Kidole kimoja cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Kikikosa nafasi, vidole vitagonga mbele kwenye mteremko na kucha zitageuka nyeusi. Kabla ya kushuka, kaza kamba upya kwenye kifundo ili mguu usiteleze kwenda mbele.

Soksi za pamba ziache nyumbani. Zinashika jasho, ngozi inalainika, lengelenge linafuata. Vaa za sufu au poliesta, na uwe na jozi kavu ya kulalia isiyoguswa mchana.

Ukihisi sehemu ya mguu inapata moto, simama hapohapo, hata kiongozi akiwa ametangulia. Kausha, bandika plasta ya rola iliyo laini bila mkunjo, endelea. Plasta hiyo haikai juu ya ngozi yenye jasho, na wanaosubiri hadi wafike kambini hukuta lengelenge tayari.

Kucha kata siku mbili tatu kabla ya kupanda basi. Ukikata getini ukajichubua, kidonda kibichi kitashinda ndani ya buti siku zote.