Barua ya prefe isiishie langoni

Nimesoma kwa makini habari yenu kuhusu prefe, yaani mkuu, wa shule moja ya sekondari hapa Goma aliyewaandikia wazazi akieleza hali ya usalama, saa za kuingia na kutoka, na maandalizi ya Mtihani wa Taifa. Ninamshukuru kwa dhati, kwa sababu tangu vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, wengi wetu tumekuwa tukipata habari za shule kutoka midomoni mwa watoto.

Hata hivyo, barua hiyo inaishia langoni: haigusi hatari ambazo watoto hukutana nazo nje ya shule. Shule zilipofunguliwa tena mwezi wa Februari, mwanangu alirudi nyumbani na ganda la risasi mfukoni, bado lina udongo, akaliweka mezani kando ya daftari zake kana kwamba ni kifuniko cha chupa. Shuleni kwake hakuna aliyekuwa amewaonya watoto wasiokote mabaki ya vita, na mimi mwenyewe, nakiri, sikuwa nimefikiria.

Ningemwomba prefe aongeze onyo hilo, pamoja na mahali ambapo wanafunzi watakusanyika iwapo volkano yetu, mlima Nyiragongo, italipuka wakati wa masomo. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka Jumamosi jioni, watoto wakiwa nyumbani, na bado wengi walipotezana na wazazi wao katika njia za kukimbilia Sake na Rwanda.

Tena barua iandikwe kwa Kiswahili pia, maana ile ya Kifaransa mama wengi wa sokoni humwomba mtoto yule yule awasomee.