Kabla hamjauza kiwanja kwenda India, ulizeni Upanga

Nina miaka kumi na mmoja nikiishi Leicester, Uingereza, na simu ya aina moja hainiishi: fulani moyo, fulani figo, tuchange apelekwe India. Mwaka juzi ilikuwa zamu ya baba mdogo. Mshipa wa moyo umeziba. Shangazi akaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja cha Kibaha siku hiyo hiyo.

Nilimsihi asubiri, kwa sababu baba mdogo alishapewa rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale pale hospitali ya Muhimbili, Upanga, Dar es Salaam. Wakampitishia waya mkononi, wakauzibua mshipa, siku ya tatu akatoka kwa miguu yake. Kiwanja kipo.

Hofu ya wazee naielewa. Zamani ukiambiwa moyo, ulijua ni ndege au kaburi. Lakini MOI, taasisi ya mifupa ya hapo hapo Muhimbili, wanashughulikia mifupa na ubongo tangu 1996, taasisi ya moyo ipo tangu 2015, na Novemba 2017 Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza. Madaktari wa India walikuwepo chumbani, wakifanya kazi bega kwa bega na wetu, na hapo ndipo penye utamu. Mgonjwa akipelekwa Delhi anarudi peke yake. Akitibiwa Upanga, ujuzi unabaki kwa intani, yaani madaktari walio mafunzoni, na wanafunzi waliosimama kuzunguka kitanda chake.

Ndiyo maana katika historia yote ya pale naupenda zaidi mwaka 1963, chuo cha udaktari kilipoanza. Hospitali yenyewe ina mizizi mirefu: wodi ya Sewahaji inabeba jina la mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetoa fedha za hospitali ya Waafrika na Wahindi, Wajerumani walipokuwa wakijijengea yao Ocean Road. Majengo ya Upanga yalifunguliwa 1956 kwa jina la Princess Margaret, jina la Muhimbili likaja baada ya Uhuru. Ila majengo bila chuo yangebaki kusubiri wataalamu wa kuazima.

Huku nilingoja miezi tisa kumwona bingwa wa goti. Baba mdogo alimwona wake ndani ya wiki. Lakini goti langu halikunigharimu hata senti dirishani, maana tangu 1948 matibabu ya Uingereza yanalipwa kwa kodi, na moyo wake ukoo mzima ulichanga. Hapo ndipo nyumbani tunapoumia: fundi yupo, pesa ndiyo inamchelewesha mgonjwa. Sheria ya bima ya afya kwa wote Bunge lilishaipitisha 2023, na sisi tulio nje tuna wajibu wa kuidai itekelezwe hadi kijijini, kwa sauti ile ile tunayodaia uraia pacha.

Kwenye kundi la ukoo nimependekeza zile pauni ishirini tunazotoa mtu akishalazwa tuzitoe kila mwezi, wazee wote sita wakatiwe bima kabla ya Krismasi. Shangazi ameshatuma majina.